Pombe Aliyoonja Yoakimu

Philomena wa Masakta, hata mwenyekiti wa kijiji alikuwa anamwogopa. Ni mpika pombe, mdomo pilipili kichaa, mlevi mkorofi anamtoa nje kwa mwiko. Lakini siku ile, kwenye benchi la hospitali, alikuwa amenywea kama kifaranga kilichonyeshewa.

Mumewe Yoakimu alikuwa ndani, macho ya njano kama kiini cha yai.

Mvua iliyawahi mahindi shambani, yakaota ukungu. Huku kwetu hayatupwi: mazuri ya ugali, mabovu ya pombe. Philomena akapika pipa la watu wa kuja kuwajengea zizi. Na desturi ni mwenye nyumba anywe kwanza, wageni waone haina sumu. Mvua ikawazuia wageni. Yoakimu akabaki anaonja peke yake, kopo juu ya kopo, siku hadi siku.

Daktari, binti mmoja anaitwa Hilda, alimweleza taratibu. Sumu ya ukungu wa mahindi imeliumiza ini. Ini likiumia, vimeng'enya vyake, kemikali zinazofanya kazi ndani yake, vinamwagikia kwenye damu. Mwenye ini zima, kipimo hakipiti arobaini hivi. Cha Yoakimu kilisoma elfu nne. Hapo hapo Philomena akapiga simu nyumbani, pipa likamwagwa.

Walipopima tena siku chache baadaye, namba ikasoma mia tisa. Philomena akapiga magoti pale pale sakafuni kumshukuru Mungu. Hilda hakucheka.

"Mama, usishangilie bado. Namba inashuka ini likipona. Inashuka pia ini likiisha, likikosa cha kumwaga."

"Sasa nitajuaje ni ipi, mwanangu?"

Hilda akachukua damu kidogo ya Yoakimu kwenye chupa ya kioo, akaisimamisha mezani. Ini zima, alisema, ndilo linaifanya damu igande. Wakasubiri dakika ishirini. Philomena aliikodolea ile chupa kama mtu aliyekuta nyoka mlangoni, hata kukohoa aliogopa.

Muda ulipofika Hilda akailaza. Damu ikateleza mpaka mdomoni mwa chupa, nyepesi kama chai.

Hilda akatoka mbio kuita gari la wagonjwa, Yoakimu apelekwe hospitali kubwa. Njiani alimwambia Philomena amsemeshe mgonjwa, asimwache azame usingizini, maana ini likishindwa sumu hupanda kichwani.

Philomena akamshika mkono. "Yoakimu. Mimi nani?"

Mume akamwangalia. "Bernadina," akasema.

Bernadina ni dada yake Yoakimu, alishazikwa.

"Ndiyo, kaka," Philomena akajibu. "Niambie lingine."