Kiti cha Dereva

Mwaka ule nyumba ya mama mkwe, Ujiji, ilijaa ndugu waliovuka ziwa kukimbia vita, ndipo Mwanaima na mumewe wakahamia kwenye basi kuukuu uani. Mvua ilishinda ikinyesha, mume yuko safarini, upweke ukamkaba. Mama mkwe akamletea samaki, migebuka wa ziwani, akasimama mlangoni analowa.

"Ingia, mama."

"Penye kitanda cha mwanangu? Una wazimu wewe."

Mwanaima akamfungulia mlango wa dereva. Mama akapanda, akakipa kitanda mgongo, akashika usukani.

"Huku ni barabarani. Nikupeleke wapi?"

"Kwa mama yangu, Uvira, ng'ambo ya ziwa."

"Funga dirisha basi, tusilowe ziwani."

Walisafiri hivyo masika yote. Leo Mwanaima ana vyumba vitatu, lakini mvua ikianza hulitamani lile basi.