Makinda wa Nyamanza

Kutoka Tanga nilibadilisha treni, nikalala stesheni ya Tabora, na kutoka Kigoma nikapanda lori la chumvi lililokwama kwenye tope hata kabla ya kufika Kasulu. Kibondo niliingia nimechafuka mpaka kope. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikwenda kuwa karani wa ghala la mazao, nikidhani nitakaa msimu mmoja. Nikaoa hukohuko.

Mke wangu, Muha wa palepale, ndiye aliyenifundisha ndege. Asubuhi tukianika maharage uani alinionyesha kwa kidevu: mwenye kifua cha rangi ya kutu ni kurumbiza, anayening'inia kwenye ua la mgomba ni chozi.

“Na yule?”

“Njiwa! Bwana wa pwani, kwenu mna kunguru tu?”

Aliyempenda zaidi alikuwa mdogo, mweusi kwa mweupe, anayetembea uani akitikisa mkia. Kwao huitwa nyamanza. Hapigwi jiwe, na akitaga kwenye paa lako, huhami mpaka makinda waruke.

Mtoto wetu wa pekee alifariki kabla hajatambaa. Tulimzika kwa mama mkwe, nyuma ya migomba. Tangu hapo mke wangu hakutaja tena ndege yeyote.

Masika yaliyofuata nilipata uhamisho. Nilifurahi; miguu ilikuwa imeanza kuniwasha. Wiki hiyohiyo nyamanza akajenga juu ya mlango wetu.

“Hatuwezi kuhama,” mke wangu akasema.

Nilimwomba mkubwa wangu muda. Alicheka mpaka akakohoa. “Unasubiri ndege? Nitaandika sababu gani, bwana karani?” Lakini aliniruhusu.

Zilikuwa siku njema kuliko zote tulizoishi. Tulikaa kwenye vigoda tukimtazama nyamanza akileta wadudu, na midomo ya manjano ikifunguka juu ya vichwa vyetu. Mke wangu alianza tena kunicheka. Nilijiambia kwamba amepona.

Kinda wa mwisho aliporuka, nilitoa sanduku chini ya kitanda.

“Nenda tu, mume wangu,” akasema.

“Lakini wamesharuka.”

“Nilikuwa nawasingizia. Nilitaka ukae kidogo. Nikiondoka mimi, nani atapalilia pale kwa mtoto?”

Nikasema basi, nitabaki.

“Utabaki ukiangalia barabara. Nimeshakuona unavyoiangalia.”

Alikunja mashati yangu moja moja, akalishona lililochanika kwapa.

Siku ya kuondoka alitoka na jembe kabla sijanywa chai. Lori lilipopita karibu na shamba la mama yake nilimwona nyuma ya migomba, ameinama. Nilimwomba dereva apige honi. Akapiga, akarudia. Mke wangu aliendelea kupalilia.

Dereva aliniuliza, “Ni nani yule?”

Nikamwambia twende.