Nilivyoipa Busaa ya Mama Mkwe Alama Sita

Haya, najua mtacheka, chekeni tu, maana hata mimi siku hizi nacheka, ingawa siku yenyewe nilitamani ardhi ipasuke inimeze na viatu vyangu.

Ilikuwa likizo ya Agosti, katikati ya miaka ya tisini, nikifundisha shule ya msingi pale Migori, na rafiki yangu Chacha, Mkuria mwenye pikapu nyeupe na mdomo usiopumzika, akaniambia mimi Mjaluo eti hakuna Mjaluo anayejua kupika pombe. Ningenyamaza, yangeishia hapo. Lakini wapi! Tukapanga kuzunguka siku mbili, kuanzia kwao Kehancha hadi Homa Bay, tusimame kila boma lenye sifa tuonje, na mimi (hapa ndipo ujinga wangu ulipoanzia) nikabeba daftari na kalamu nyekundu ili kila chungu kipewe alama, kwa sababu mwalimu akishazoea kusahihisha, hata uji atausahihisha.

Sasa elewa jambo moja. Juma lililofuata wazee wangu walikuwa wanipeleke kwa kina Akinyi, mchumba wangu, fundi wa cherehani pale Migori, na huyo Akinyi nilikuwa nimemwapia kwamba pombe siigusi hata kwa ulimi. Alikuwa ameniambia mama yake ni mtu mkali, anafanya biashara ya nafaka upande wa Rodi Kopany, nami nikaona mkwe asiyekunywa atapokelewa haraka. Kwao nilikuwa sijakanyaga, maana mtu haendi huko kabla ya wazee, na mama mwenyewe sikuwa nimemwona hata kwenye picha.

Basi safari ikanoga. Kehancha nyanya yake Chacha alitupa pombe ya wimbi nzito ya kushibisha, nikaandika nane, Chacha akataka kumi, tukagombana mpaka Awendo katikati ya mashamba ya miwa, kisha milima ikaanza kujipanga mbele yetu, kijani kibichi baada ya mvua, nami nikatoa kichwa dirishani nikasema maisha ni haya. Chacha, kwa kuwa alishika usukani, alikuwa anaonja kidogo tu, halafu mimi namalizia sehemu yake (nisingeitupa, ingekuwa dhambi). Kwa hiyo tulipofika Rodi Kopany saa nane mchana, nilikuwa nimejaa furaha ya watu wawili.

Fundi wa baiskeli akatuonyesha boma. "Busaa ya huyo mama," akasema, "ukikunywa unasahau deni." Tukaingia na pikapu mpaka ndani, nikashuka na shati jeupe, daftari mkononi, kalamu sikioni. Mjue siku hizo busaa ilikuwa marufuku, askari wa chifu wangeweza kutokea wakati wowote. Wanaume waliokuwa wamekizunguka chungu na mirija yao mirefu walitawanyika kama kuku walioona mwewe, mmoja akaruka ua wa miti ya ojuok mrija ukiwa bado mdomoni, na mwanamke mmoja akapindua chungu kizima kwenye majani ya ndizi. Jamani, chungu kizima!

Mwenye boma hakukimbia. Mama mnene, leso kiunoni, akasimama mbele ya chungu kilichobaki.

"Nyinyi ni watu wa chifu?"

"Hapana, mama. Mimi ni mwalimu."

"Mwalimu gani anazunguka akiandika pombe ya watu? Kama si wa chifu, kunywa tuone."

Akaufuta mrija kwa leso yake mwenyewe, akanipa mkononi. Nikaketi, nikavuta, nikavuta tena, na badala ya kushukuru nikafungua daftari nikasoma kwa sauti ya darasani: "Nzuri, lakini unga ulikaangwa kupita kiasi. Sita kwa kumi. Ajitahidi."

"Sita? Mimi?" Akashika kiuno. "Yawa! Huyu mtu ametoka wapi?"

Wanaume walikuwa wameanza kurudi mmoja mmoja, na mzee mmoja, akiwa bado na wasiwasi na hilo daftari, akaniambia niseme mimi ni wa nani, kama kuna mtu wa huku ananijua. Nami kwa kutaka kuaminika nikasimama, nikajipiga kifua. "Mimi si mgeni hapa! Jumamosi ijayo ninakuja kwa Mzee Odera kumchumbia binti yake, Akinyi!"

Yule mama akaniangalia, mkono ukaenda mdomoni, kisha akajifunika leso kichwani na kukimbilia nyuma ya ghala, yeye ambaye hakumkimbia chifu.

"Mwalimu," mzee akasema polepole, "hapa ndipo kwa Odera. Na huyo ni maro."

Maro ni mama mkwe, na kwetu mama mkwe humwangalii usoni, huli naye, hata mkono humpi. Mimi nilikuwa nimekunywa kwa mrija alioufuta yeye, nikamwambia ajitahidi! Chacha alicheka mpaka akashindwa kuwasha gari.

Jumatatu Akinyi alikuja kwangu, habari imeshamfikia. Nikajiandaa kuachwa. Badala yake akakaa kitandani akalia, akasema alijua nitamkataa kwa kuwa mama yake ni mpika pombe, ndiyo maana alisema nafaka, na kwamba karo yake yote, hata ile cherehani, ilitoka kwenye vyungu hivyo. Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli. Ya bomani ilikuwa mchezo.

Jumamosi tulienda. Maro hakuonekana, kama inavyotakiwa, ila alimtuma shangazi yake Akinyi aje aniambie mbele ya wazee wote: "Mama anasema binti utapewa. Mtu wa kunywa anamjua, amelea watoto sita kwa watu wa kunywa. Lakini ukimdanganya mtoto wake mara ya pili, chungu kitakachofuata atakupindulia wewe."

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama nakunywa, nasema nakunywa, na kitu kilichopikwa na mama wa mtu sikipi alama tena, nakunywa, nashukuru, nanyamaza.