Siku Mjusi Wetu Alipovua Ngozi

Rafiki yangu, mwalimu wa Kifaransa aliyekuwa anahamia Kinshasa, aliniachia mjusi wake. Si hawa wanaokimbia ukutani. Huyu alikuwa geko wa madoa ya chui, manjano mwili mzima, mkia mnene kama kidole gumba, na tangu azaliwe alikuwa ameishi ndani ya boksi la kioo.

Mimi ni fundi wa kushona. Naishi Bukavu na dada yangu mkubwa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye tangu utotoni namwita yaya. Nilipoingia na lile boksi, yaya alipanda juu ya kiti.

"Batu banafukuza mijusi, weye unaleta yako mu nyumba?"

"Yaya, huyu hawezi hata kupanda ukuta."

"Miye naye hatutalala nyumba moja."

Walilala nyumba moja. Boksi nililiweka kwenye meza yangu ya kukatia vitambaa, nikamgeuzia kipande cha chungu kilichovunjika awe na mahali pa kujificha. Rafiki yangu alikuwa amenionya: juma la kwanza nisimguse kabisa. Baadaye, nisimshike kutoka juu kama ndege anavyonyakua, na mkia nisiuguse kamwe, maana huuacha na kukimbia.

Shida ilikuwa baridi. Mvua ikinyesha huku kwetu, ziwa lote hupumua ndani ya nyumba, na umeme huja na kuondoka unavyotaka wenyewe. Kwa hiyo kila jioni nilijaza chupa maji ya moto, nikaifunga kwa kipande cha kitenge, nikaiegemeza kwenye kioo. Mjusi alitoka chunguni taratibu, akalaza ubavu wake upande ule wa joto. Moyo wangu ulifurahi kama nimepika chakula mgeni akaomba kuongezwa.

Juma la pili nikaanza kuingiza mkono, kiganja juu, bila kumfuata. Alikuja, akalamba ncha ya kidole changu, akarudi zake. Kesho yake tena hivyo hivyo. Yaya alikuwa anatutazama akiwa mlangoni. Baadaye akatutazama akiwa amesimama karibu na meza. Mwishowe akavuta kiti.

Jioni moja akasema polepole, "Ina kope."

"Nini?"

"Angalia. Iko nafunga macho kama mutoto wa kusinzia. Hawa ba ukuta habana kope."

Tangu siku ile, nyenje wa kumlisha aliwakamata yeye mwenyewe. Nilimwona kupitia dirisha, mama mzima mwenye miwani, ameinama bustanini katikati ya viazi vitamu, kopo la majarini mkononi, akinyatia.

Halafu mjusi akaacha kula. Manjano yake yakafifia, akawa na rangi ya majivu, amelala tu, hata nyenje akimpita mdomoni. Nilimpigia rafiki yangu simu, mtandao ukagoma.

"Iko nakufa," yaya alisema. "Tulimupatia nini mbaya?"

Yaya akachukua rozari yake, akakaa mbele ya kioo. Akaniambia yeye haombei mnyama, anaomba tu, kama kawaida yake.

Alikuwa bado anaomba nilipoona ngozi inapasuka puani. Mjusi alijisugua kwenye chungu, akaivuta kichwani kama mtoto anayevua sweta ya shule, na chini yake manjano yakatokea, mapya, yanang'aa. Nimeshona miaka mingi, lakini sijaona nguo inavuliwa vizuri vile. Kwenye vidole vya miguu ilitoka kama glavu, kidole kwa kidole, akiivuta kwa meno. Na kila kipande alichovua, alikimeza.

"Anakula koti yake!" yaya alipiga kelele. "Anakula koti!"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Jirani akaita kutoka uani kwake, "Bamama, kuko nini kwenu?"

"Ni mujusi yetu!" yaya akamjibu kwa sauti ya darasani. "Imebadilisha nguo!"

Kesho yake jioni tuliandaa chai. Maharage yalikuwa jikoni. Bila kuniambia kitu, yaya akafungua boksi, akalaza kiganja chake ndani, akatazama pembeni kama mtu anayechomwa sindano. Mjusi alisimama, akalamba, akaweka mguu mmoja, kisha wa pili. Akapanda kiganja, akapanda mkono, akafika penye mshono wa sweta ya yaya, begani, na kujilaza.

"Usisogee," nilimwambia.

"Nani anasogea?" alinong'ona, uso wote ukicheka.

Chai ikapoa. Harufu ya maharage yanayoungua ikaanza kuingia sebuleni, na hakuna aliyeinuka.