Dirisha la Kulia Kwenda Taveta

Siku yangu ya kwanza kazini katika stesheni ya Voi nilikabidhiwa mizani. Nilikuwa nimevaa sketi iliyopigwa pasi mara mbili na viatu vya kuazima, nikitarajia meza, kalamu na dirisha la kukatia tiketi. Mkuu wa stesheni, mtu mfupi aliyependa kutembea mikono ikiwa nyuma, alinipeleka moja kwa moja kwenye banda la mizigo, akaniambia nipande juu ya mizani. Nikapanda. Akasoma, akacheka, akasema, "Sasa unajua uzito wako. Kila mtu atakayekuja hapa atakuambia mzigo wake ni mwepesi. Wewe usibishane naye. Mwambie aiulize hii."

Kazi ya karani wa mizigo, kwa ninyi vijana mnaopitisha mabegi kwenye mashine, ilikuwa hivi. Mzigo unapimwa, unaandikiwa hati yenye jina la mwenyewe na stesheni ya kushukia, unafungwa lebo ya karatasi ngumu kwa kamba ya mkonge, kisha unapakiwa kwa mpangilio wa kushuka. Wa Taveta unaingia kwanza, hadi ukutani. Wa Bura unafuata. Wa Mwatate unakaa mlangoni kwa sababu ndio wa kwanza kutoka. Ukikosea, treni nzima inasimama Mwatate ikikungoja upakue kila kitu kutafuta kikapu kimoja. Nilikosea mara moja tu. Watu wa Mwatate walinitania mwaka mzima.

Treni yenyewe ilikuwa ya mchanganyiko, yaani mabehewa ya abiria na ya mizigo nyuma ya injini moja. Iliondoka Voi alfajiri, ikauacha mlima wa Sagalla mkono wa kushoto, ikaifuata milima ya Taita kwa mkono wa kulia hadi Bura, kisha ikatokea kwenye nyika ya Maktau na kuteremka Taveta. Ukimsikia mtu akisema reli za kupendeza ziko Ulaya tu, mwambie anyamaze kwanza.

Wateja wangu wakubwa walikuwa wanawake wa Mbololo, na mmoja wao alikuwa mama yangu mzazi. Siku za soko la Taveta walikwenda na magunia ya mbaazi na pojo, wakarudi na mikungu ya ndizi. Hakuna hata mmoja aliyepanda behewa la abiria. Walipokea hati zao, wakazifunga kwenye pindo la leso, kisha wakaingia pamoja na mizigo ndani ya lile behewa lisilo na dirisha, kila mmoja akaketi juu ya gunia lake. Lebo zangu hawakuziamini. "Karatasi haiwezi kupiga kelele," mama alikuwa akiniambia. Gadi, yule msimamizi wa treni anayekaa nyuma na bendera zake, aliwaachia, maana hata yeye alikuwa na mama.

Baada ya miaka mitatu ya mizani nikahamishiwa Taveta. Nilifika jua limeshapanda, nikaona mashamba ya migomba na ukuta wa mawingu, basi. Kesho yake asubuhi nilitoka nje kupiga mswaki. Sijui niwaambieje. Pale palipokuwa na mawingu palikuwa na mlima, na juu ya mlima palikuwa na weupe, na weupe ule ulikuwa juu kuliko mahali popote nilipowahi kuinua macho kutafuta ardhi. Nilikuwa nimeutafuta mlima usawa wa milima yetu ya Taita. Ikabidi niinue shingo tena, na tena. Povu la dawa ya meno likanichuruzika hadi kwenye blauzi. Niliogopa. Nasema kweli, niliogopa, na wakati huo huo nilitamani kucheka. Mkuu wa stesheni wa Taveta, mzee mpole aliyenyoa ndevu kila siku kwa kioo cha mfukoni, alikuja kuniuliza mbona ofisi haijafunguliwa. Nikaonyesha kwa kidole.

"Kilimanjaro," akasema. "Kila karani mpya hupoteza saa moja. Ya kwako imeisha. Twende tufungue."

Kufika saa tatu mawingu yalikuwa yameufunika wote, ungeapa kwamba hapakuwa na kitu.

Likizo ya kwanza nilikwenda nyumbani kumweleza mama. Alikuwa akipepeta pojo kwenye ungo. "Barafu? Na jua hili?" Hakuinua hata kichwa. "Wataveta wanapenda kujisifu, na wewe wameshakuambukiza. Mimi naenda pale miaka yote. Mlima gani?"

Ndipo nilipoelewa. Asubuhi mlima ukiwa wazi, mama yuko gizani juu ya gunia. Akifika Taveta, mawingu yameshashuka. Sokoni ameinamia pishi na wateja. Kurudi yuko gizani tena, safari hii na ndizi. Alikuwa akipita chini ya mlima ule tangu mimi nikiwa mgongoni mwake, na hajawahi kuuona. Nikajiambia nitamwonyesha. Kisha nikarudi kazini, na kazi ni kazi.

Miaka ikaenda. Nikarudishwa Voi, safari hii kwenye chumba cha nafasi, ambako tulipangia viti watu waliokuja kutembea: walimu wa likizo, maharusi, familia kutoka Nairobi, wazungu wenye kofia. Karani mkuu wa nafasi alikuwa mwanamume mkali mwenye miwani ya kamba. Somo lake la kwanza lilikuwa fupi: "Abiria wa namna hii haji kukaa. Anakuja kutazama." Alinifundisha kuandika viti kwa kufuata mchoro wa behewa, na kwamba kwenda Taveta dirisha zuri ni la kulia. Wiki ya pili nikawaketisha walimu kumi na wawili upande wa kulia wa mchoro, nikajisifu. Kumbe behewa lilikuwa limeungwa kinyume, kichwa mkiani, na walimu wa watu wakatazama miiba hadi Taveta. Karani mkuu hakupiga kelele. Alivua miwani, akasema, "Mchoro haupandi treni, Mghoi. Kabla ya kuandika namba, toka nje ukaone behewa limesimamaje." Tangu siku hiyo nilitoka, hata kwenye mvua.

Kufungasha nako kulikuwa na elimu yake, na niliifundisha bila kuonea mtu haya. Watu wa Voi hufungasha kwa joto la Voi. Alfajiri ile ikifika Mwatate wanatetemeka, na sweta iko chini kabisa ya begi. Kwa hiyo: sweta juu. Nguo nyeupe iache nyumbani, vumbi jekundu la Maktau halina adabu. Leso mbili, moja ya kujifunika, moja ya kufunika kamera na chakula. Viazi vitamu vya kuchemsha, maji, na begi unaloweza kulinyanyua mwenyewe, kwa sababu stesheni ndogo hazina jukwaa na ngazi ni ndefu. Na la mwisho, lala mapema, maana mlima hautakusubiri umalize usingizi. Abiria wangu waliporudi walinishika mikono. Mzee mmoja alinipa embe. Nilifurahi sana, na kila mara kitu kidogo kilinichoma, nikakifukuza.

Kisha tukasikia kwamba treni ya abiria ya Taveta ilikuwa ikikaribia mwisho wake. Sikungoja kuuliza zaidi. Niliomba likizo, nikaandika viti viwili vya kulia kwa jina langu na la mama, nikapanda nyumbani Mbololo kumwambia. Wakati huo miguu ilikuwa ikimsumbua, na sokoni alikwenda mara moja moja. Alikubali, ila alicheka. "Kwenda Taveta kutazama? Haya." Nikamsisitiza: kikapu kimoja, leso mbili, sweta.

Alfajiri ya safari alifika stesheni na gunia la pojo.

"Mama, tulikubaliana kikapu kimoja."

"Kikapu kiko hapa. Hili ni gunia."

"Leo tunaenda kutembea tu."

"Kwani nitaenda kwa watu mikono mitupu, kama niliyefukuzwa kwangu?" Uso wake ulikuwa umekunjamana kweli, si mzaha. "Na nikifika nifanye nini? Nikae tu?"

Gunia likapimwa, likaandikiwa hati, likafungwa lebo. Mama akalifuata kuelekea behewa la mizigo. Nilimbembeleza, nikamwonyesha tiketi, nikamwonyesha dirisha. Kengele ya kwanza ikalia. Nilijua asubuhi ile ilikuwa safi, na nilijua hatutapata nyingine nyingi. Nikamwambia, "Kama shida ni gunia, nitalikalia mimi. Wewe nenda dirishani."

"Wewe? Na hiyo sketi?"

"Na hii sketi."

Aliitazama sketi, kisha akapandishwa na gadi kwenye behewa la abiria huku akinung'unika kwamba akiona mawingu atarudi kwa gunia lake. Mkuu wa stesheni wa wakati ule, kijana mcheshi niliyemzidi umri, alinikuta nikipanda kwenye mizigo. "Karani wangu wa nafasi anasafiri juu ya pojo?" akauliza. "Haya, Bi Mghoi, likizo ni yako."

Tangu nipate akili sikuwa nimesafiri ndani ya behewa lile. Giza lilikuwa na harufu ya magunia na ndizi za zamani. Mtikisiko wa reli ulipanda hadi kwenye meno. Nilijua Mwatate kwa baridi, Bura kwa injini kuhema, Maktau kwa vumbi lililopenya kwenye ufa na kunikausha koo. Baada ya hapo sikujua kitu. Nilijua tu kwamba mlima sasa uko upande wa kulia, nyuma ya ubao, umbali wa mkono wangu. Nilihofia mawingu yamewahi. Nilihofia mama amesinzia. Kisha nikafikiria miaka aliyokaa hivi, nami nikiwa mgongoni mwake pale pale, nikalia kidogo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananiona.

Treni ikasimama kwenye stesheni ndogo mbele ya Maktau. Nikasikia kokoto, sauti ya gadi ikisema, "Polepole, mama, hiyo ngazi ni mbaya," kisha mlango ukasukumwa na mwanga ukanipiga machoni. Mama alikuwa amesimama chini, leso imemwanguka begani.

"Mghoi, toka."

"Na gunia?"

"Liibwe!" akasema. "Toka, mwanangu. Wacha liibwe."

Niliruka chini. Alikuwa amesahau kabisa kwamba mimi ndiye niliyemweleza habari za mlima ule; alinishika kifundo cha mkono, akanivuta kando ya behewa, akanyoosha kidole kana kwamba ningeweza kukosa kuuona. Ulikuwa pale, mzima, bila wingu hata moja. Nilikuwa nimeutazama mara nyingi mno, lakini siku hiyo, mkono wake ukiwa juu ya wangu, ulikuwa mkubwa kuliko siku zote. Miti ya miiba, reli, sisi wenyewe, vyote vilikuwa vidogo na havikuona aibu. Gadi alikuwa amevua kofia. Bendera yake ya kijani ilikuwa bado imekunjwa.

"Uko hapa kila siku?" mama akauliza.

"Kila siku, Mama."

Kisha akageuka akalitazama behewa la mizigo, mlango wazi, giza ndani yake. Akaniambia taratibu, bila hasira yoyote, "Na wewe ulijua."

Nilistaafu baadaye kwa amani, nikapewa saa ya ukutani na hotuba. Treni ile ya abiria ilikoma, na mama naye akaondoka kwa wakati wake. Vijana wa hapa Voi wananiletea simu zao niwapangie safari za reli, wengine hadi nchi za mbali zenye milima na mahandaki, na ninafurahi kuwapangia. Nawaambia upande wa kukaa na mahali pa kuweka sweta. Kisha huwauliza mama zao watakaa dirisha lipi. Wengi huwa hawakumweka mama kwenye orodha. Basi huwaambia wafute orodha yote, waanze upya na jina lake.