Nilikataza Kijiji Kununua Tabuleti, Eti Mupya Iko Inakuya

Mi njo niliharibu. Si kompani, si mwenye butiki, si watu wa biro. Mi mwenyewe! Nalisema mbele ya yote, juu hapa kwetu kila muntu anatafuta mwingine wa kutupia kosa, na hata mi nilifanya vile miezi mingi. Jina yangu siitaji. Wenye wananijua watanijua tu.

Niko mwalimu wa shule ya musingi, upande wa Walikale, si mbali na Kashebere. Niko tena sekreteri wa komite ya pori yetu. Siku hizi kijiji inaweza kuomba karatasi ya serikali yenye kusema pori hii ni ya watu hawa. Ukiomba, unapeleka dosie na karte, ramani ya pori: mipaka, vijito, makaburi ya wazee, mashamba ya zamani, kila fasi, yaani mahali, na jina yake. Biro ya serikali yenye kupokea dosie ilituambia kila fasi ichukuliwe na tabuleti, na picha, na sauti ya muntu anayetaja jina akiwa amesimama palepale. Telefone zetu hapa nyingi ni za vibonyezo. Yangu iko na kioo yenye kupasuka, programu ya biro iliikataa.

Mwenye alibaki anajua majina yote alikuwa muntu mumoja: muyomba wangu, ndugu ya mama. Alikuwa mutegaji, pori ile aliitembea na baba yake tangu utoto. Na kwetu majina ya zile fasi haitajwe nyumbani. Unafika, unavua viatu, unaweka jani chini, njo unataja. Tuko wakristo, muyomba hakukosa ibada hata siku moja, lakini ile sheria hakuna mwenye aliigusa. Kwa hiyo usiniulize kwa nini hatukumuketisha tu kwenye baraza tukaandika.

Watu wakachanga. Mwingine alitoa kuku, mwingine mafuta ya ngazi, mawese, vitu vikauzwa sokoni, feza ikatosha. Wakasema: mwalimu njo amesoma, achague yeye mashine. Nikakubali haraka sana! Hapo njo ubaya ulianza.

Nyuma ya shule kuna kilima, ukipanda unapata rezo ya telefone. Nilikuwa napanda kila siku kisha masomo. Rafiki yangu mumoja wa Goma aliniingiza mu gurupe ya watu wanaozungumza habari ya tabuleti tu. Mbele ya hapo sikujua kama watu wazima wanaweza kubishana juma zima juu ya mashine yenye haijatoka bado. Huyu anasema ile ya mwaka huu itakamata GPS hata chini ya miti minene. Mwingine anasema batri itakaa siku mbili. Mwingine anasema kompani iko na batri nzuri tangu zamani, inaificha tu mpaka imalize stoki ya zamani kwa watu wajinga kama sisi. Kuna mwenye alileta picha ya mufuniko wa plastiki, akasema tundu ya kamera imesogea kidogo, basi mashine yote itakuwa mupya. Na mi, mwalimu muzima, nikaamini mufuniko!

Lile neno la stoki ya zamani liliniingia kabisa. Tangu utoto naona namna wanatuletea hapa vitu vyenye wengine wamechoka navyo, nguo, pikipiki, hata dawa. Nikasema hapana, safari hii hawatanishika.

Sasa sikia ujinga wangu mwenyewe, wenye hakuna muntu wa gurupe angeweza kuufanya. Shemeki yangu, bwana ya dada yangu, anabeba mizigo Rubaya, kule wanachimba coltan. Siku moja alinipigia, sauti imechoka. Akasema siku hizi hawapumuki, mizigo inateremuka kwa migongo asubuhi mpaka jioni, hata wanawake wenye walikuwa wanauza chakula wameanza kubeba. Nikamupa pole kwa mudomo. Moyoni nikasema njo hii! Ile mawe njo inaingia ndani ya tabuleti. Kama inashuka namna ile, kompani inatayarisha kitu kubwa. Wengine wote wanabahatisha na mufuniko, mi niko na habari toka shimo yenyewe.

Nikaandika mu gurupe. Watu wakashangilia, wakaanza kuniita Profesa. Nitakudanganya juu ya nini? Ile jina ilinipendeza sana.

Kashebere, kando ya barabara, kulikuwa butiki ya Mama Masika, mufanyabiashara wa upande wa Butembo. Alikuwa na tabuleti moja, yenye biro ilikuwa imeikubali. Nilipoenda kuiangalia mara ya kwanza alinipa bei ya kawaida. Nilipoenda mara ya pili akapunguza, na mi sikuwa nimemuomba. Mara ya tatu akasema nibebe tu, feza italetwa kisha, tufanye haraka. Nikamuangalia. Nikamuuliza nani anamutuma. Akaendelea kupanga sabuni zake. Na mi nikatoka pale na hakika yangu: huyu mama amesikia kama mupya iko inakuya, anataka kututupia ile ya zamani.

Kama ningekaa nayo moyoni, basi. Lakini niliipeleka mu mukutano wa kijiji. Nilisimama, nikaeleza namna kompani inafanya, namna inachelewesha, namna inauzia maskini mabaki. Kisha nikasema muntu wa biashara hapunguze bei bule, na Mama Masika anatufanya wajinga. Watu wakaitika. Tangu siku ile hata chumvi hawakununua tena kwake. Miezi miwili haikuisha, akafunga butiki akaenda kukaa kwa kaka yake Hombo. Nikasema mumeona? Amekimbia. Alikuwa na kitu moyoni.

Wakati ule wote muyomba alikuwa anakuya kwangu. Alikuwa anafika asubuhi amevaa mabotes, panga kwapani, ameshafungiwa mihogo ya njia. Mara ya kwanza nikamuambia angoje mwezi moja. Mara ya pili nikamuambia inatoka karibu, nimeona kwenye telefone. Mara ya tatu hakukaa hata kwenye kiti.

Akasema: «Mupwa wangu, twende na kaye ya shule. Nitataja, utaandika. Ile mashine ikikuya itatukuta.»

Nikamuambia biro haitakubali kaye, tutatembea mara mbili bule. Nikaanza kumueleza tena habari ya batri na ya GPS. Alisikiliza yote, kwa heshima, kama vile alikuwa anasikiliza mahubiri. Kisha akavua mabotes pale mulangoni, mukono wake ukimuchelewesha, akarudia nyumbani kwake peku. Niliona ule mukono unatetemeka. Nikazania ni kasiksi, pombe ya ndizi. Hata yeye nilimushuku, Mungu anisamehe!

Juma tatu kisha, alianguka ndani ya shamba. Mama mukubwa, muke wa muyomba, alimukuta uso kwenye udongo. Tulimufikisha kwenye kituo cha afya, infirmie, muuguzi wa pale, akasema ni presha, mushipa umepasuka mu kichwa. Upande wa kuume ukalala. Ulimi ukafungwa. Anakuelewa kila kitu, anakuangalia vizuri, lakini ya kutoka kwenye kinywa ni pumzi tu.

Kijiji kikanigeukia. Hawakupiga makelele. Prezida wa komite alikuya akaniambia maneno machache tu: kanunue mashine, yoyote. Nikazunguka Kashebere yote, hakuna. Walikale mujini hakuna. Njo nikaambiwa kama Mama Masika angali na ile yake, Hombo, hakuna mwenye aliinunua.

Nilifanya siku mbili kwenye pikipiki, njia ni matope mutupu. Nilimukuta nyuma ya meza ya kaka yake, anapima maharagi. Nilizania atanifukuza. Alinivutia kiti, akaniuliza habari ya muyomba. Nikamuambia. Akaacha kupima.

Akasema: «Mi nilipunguza bei kwa ajili yake. Alikuya kwenye butiki peke yake, akaomba aishike, akauliza kama inaweza kusikia sauti ya muzee. Nikamuonyesha. Akataja jina yake, tukasikiliza, akacheka sana. Lakini mukono wa kuume ulikuwa unaachilia vitu. Baba yangu alianza vile vile. Nilitaka mutembee kabla hajaanguka.»

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

«Nilikuambia mubebe, mufanye haraka. Ukaniuliza nani ananituma.»

Akaleta tabuleti, akaiwasha. Ile sauti ilikuwa ndani bado. Muyomba anataja jina yake na jina ya baba yake, kisha anacheka, kisha Mama Masika naye anacheka. Nililia mbele ya wanunuzi, na sikuona haya. Mama yule aliniuzia kwa bei ile ile ya mwisho, hakuongeza kitu.

Tulirudi nayo. Vijana wane walimubeba muyomba kwenye kipoyi, kitanda cha kubebea mugonjwa, tukaingia pori. Kwenye kijito ya kwanza alitikisa muguu mpaka tukafahamu, tukamuvua viatu. Niliweka jani chini. Nikainua tabuleti karibu na kinywa chake. Alijaribu. Mishipa ya shingo ikasimama, jasho ikatoka, na sauti ilikuwa «aa, aa» tu. Mashine ilifanya kazi yake yote, ikakamata fasi, ikapiga picha, kisha ikaonyesha mustari mutupu wa kuandika jina. Kijito ya pili, vile vile. Kwenye makaburi alifunga macho, akageuza uso, akakataa tusiendelee.

Biro ilirudisha dosie. Fasi bila jina haipite. Na wenzetu wa kijiji cha ngambo ya mto, wenye walitembea na tabuleti ya kawaida, yenye mufuniko wa zamani, walikuwa wameshapeleka ya kwao. Mahali sisi tulikosa majina, wao waliweka majina yao. Karte yao ilipokelewa. Mustari wao unapita upande wetu wa makaburi, makaburi yote yamebaki ndani ya karte yao. Bibi yangu muzaa mama amelala pale, na leo kama nataka kwenda kupalilia, naomba ruhusa kwa watu wenye hawakumujua. Ndugu wamoja wanasema tukashitaki. Tutashitaki na nini?

Nikamupigia shemeki, nikamuuliza ile mizigo ya Rubaya iliishia wapi. Alishangaa. Akasema kwani alisema imeongezeka? Njia ilikuwa imekufa kwa mvua, pikipiki hazipiti, ile yote ya kubebwa na pikipiki ikaangukia migongo yao. Coltan ilikuwa ile ile. Mi nilisikia muntu wa jamaa yangu analia na mugongo, nikachukua kilio yake nikafanya habari ya kompani.

Na ile tabuleti mupya? Ilitoka. Niliiona Goma, mukononi mwa muntu. Rangi ingine, na kalamu ya kuandikia. Batri, niliuliza, ni ile ile. Jioni ile nikafungua gurupe, nikakuta wameshaanza kubishana juu ya ingine yenye itafuata. Mumoja akaniandikia: Profesa, Rubaya inasema nini? Nikatoka mu gurupe.

Watu hapa hawajanipiga, hawajanifukuza. Wangali wananiita mwalimu, watoto wao wangali kwenye darasa yangu. Mama mukubwa hakunitukana. Alinipa kazi: kila siku ya posho, jumamosi, mi njo namuogesha muyomba. Posho iliyopita, nilipokuwa namukausha, aliinua mukono wa kushoto akaonyesha upande wa pori, akaniangalia. Nikamuvalisha shati.

Kwa hiyo wewe mwenye unasoma, kama uko na muzee mwenye anajua kitu, usingojee mashine. Enda leo, na kaye ya mutoto, na makaa kwenye ubao, na chochote. Kompani itatoa ingine, na ingine tena, hiyo si habari yako. Na muntu akikupunguzia bei bila kumuomba, muulize kwa nini, kisha ngoja ajibu. Mi sikungoja. Mi nilikuwa na jibu yangu tayari.