Mayala wa Kigwa na Taa ya Behewa la Mwisho

Katika safari zangu nimekutana na watu waliojifunza lugha sokoni, jeshini, hata gerezani. Mayala ndiye pekee ninayemjua aliyejifunza Kiingereza kwa kutazama mikia ya treni.

Mwaka 1966 alikuwa na miaka arobaini, na kazi ya kugeuza reli katika stesheni ya Kigwa. Alitaka kuwa msaidizi wa stesheni masta. Kazi yenyewe aliijua; kilichomshinda ni ripoti, ambazo zilitolewa kwa Kiingereza. Alikwisha kuanguka mtihani wa mdomo mara mbili. Wa tatu ndio ungekuwa wa mwisho kwa umri wake.

Basi kila Jumapili alidandia treni ya mizigo hadi Tabora, akaketi barazani kwa Bi Fakhria wa mtaa wa Gongoni, mwalimu wa zamani na mjane wa mfanyabiashara Mwarabu.

"Shikamoo, Bi Fakhria."

"Marahaba. Jana ulifanya nini? Kwa Kiingereza."

"I walk to the line."

"Jana, Mayala! Au jana yako haijaisha?"

Mayala akajikuna kisogo. Kigwa, alimwambia, hakuna anayesema treni imepita mpaka aione taa nyekundu nyuma ya behewa la mwisho. Isipoonekana, huenda mabehewa yamekatika yakabaki njiani.

Bi Fakhria akapiga makofi. "Ndiyo hiyo! Walked. Hiyo ed ndiyo taa yako. Na treni ya kesho?"

"Ambayo haijafika tunasikia kengele tu, ikitangaza kwamba inakuja."

"Kengele yake ni will. Inatangulia mbele: will walk. Haya, tembea nayo."

Wakaenda hivyo miezi mitano, wakianza na vitenzi vitiifu, vinavyokubali ed. Vile vikaidi Bi Fakhria alisema vitasubiri mvua.

Siku ya mtihani msaili alikuwa Mzaramo mwenye tai, ametoka Dar es Salaam. Alimtaka Mayala aeleze alivyoipokea treni ya jana. Mayala akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Msaili akaweka kalamu chini.

"Ninyi Wanyamwezi mlibeba mizigo mabegani kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Leo maneno matatu tu yamekulemea?"

Mgeni angedhani ni tusi. Lakini tangu zama za misafara Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na mtani hanyamaziwi.

"Tulibeba pembe," akasema Mayala, "tukabeba na babu yako, aliyekuwa amelala chini analilia maji!"

Msaili akacheka mpaka tai ikapinda. Ulimi wa Mayala ukafunguka. The train arrived. I checked the lamp. I signalled. Alieleza yote hadi treni ilipoondoka, kila neno na taa yake nyuma.

Msaili akatia sahihi. Kisha akainyakua mezani kofia mpya ambayo Mayala aliinunua kwa ajili ya siku hiyo, akaivaa. Ni haki ya mtani; haombwi kurudisha.

Jioni ile Minza, mkewe, alimwona akishuka Kigwa kichwa wazi, akadhani ameanguka mtihani tena.

"Baba Silasi, kofia iko wapi?"

"Kaichukua Mzaramo."

"Na kazi?"

"Hiyo kaniachia."

Minza akatua ndoo ya maji palepale kando ya reli, akapiga kigelegele mpaka abiria wakachungulia madirishani kuuliza nani anaolewa.